Kona ya Dada: Zollo Akihesabu Pesa, Mimi Namwona Mama

Mdogo wangu wa Dandora Phase 4, barua yako niliisoma mara ya kwanza ndani ya matatu, nikapitishwa steji bila kujua. Nimeisoma tena mara mbili nyumbani. Umeniandikia kurasa nne juu ya vitabu, na katika kurasa zote nne unaomba msamaha. Leo kona nzima ni yako.

Kwa ninyi wengine mnaosoma, huyu ndugu yetu ana miaka 23 na ana kibanda cha M-Pesa huko Dandora. Kati ya mteja mmoja na mwingine anasoma. Anasoma riwaya za wapelelezi, za wezi na polisi, za mahaba, na siku hizi ameingia kwenye zile za majini na paka wanaozungumza. Anavinunua vikiwa vimeshatumika, kwa wale wanaotandaza vitabu chini kandokando ya barabara katikati ya jiji, na akimaliza kimoja anakibadilisha na rafiki. Jumamosi jioni yeye na wenzake saba hukutana chumbani kwa mmoja wao kuzungumzia walichosoma. Hivi karibuni zamu ilikuwa ya *My Life in Crime* ya John Kiriamiti. Wote walikisifu. Yeye alisema hakikumpendeza, na walipomuuliza sababu akajibu, "Kila Zollo akihesabu pesa, mimi namwona mama."

Mama yake aliporwa alfajiri moja akienda soko la Gikomba kuchukua mali ya kuuza. Zilienda pesa zote za biashara, na karo ya kifunga mimba ikaenda nazo.

Wakacheka. Kijana mmoja akamwambia hajui kusoma riwaya, anachanganya kitabu na maisha. Mwingine, ambaye ni mwalimu, akaongeza kwamba vitabu vyote vya aina hiyo ni vya kupotezea wakati, afadhali asome fasihi yenyewe. Tangu siku hiyo Jumamosi tatu zimepita. Anaenda, anakaa, hasemi kitu. Sasa ananiuliza kama maoni yake yalikuwa makosa, na kama aachane na vitabu vyake.

Nikuanzie na Zollo, kwa sababu hapo ndipo ulipoumia.

Kiriamiti alikiandika kitabu hicho akiwa gerezani, kutokana na maisha yake mwenyewe ya wizi, kikatoka mwaka wa 1984. Anayesimulia ni Jack Zollo mwenyewe, kwa "mimi", tangu utoto hadi pingu. Sasa fikiria kazi ambayo hiyo "mimi" inafanya. Mtu akikusimulia wizi wake kwa kinywa chake, unakimbia naye. Pumzi zake zinakuwa zako. Unajikuta unaomba gari liwake upesi, polisi wapotee njia, begi lisipasuke. Ukifika mwisho wa ukurasa umekuwa mshirika wake, na aliyeporwa umeshamwacha nyuma kwenye vumbi. Ni ufundi mkubwa huo, na ndiyo sababu vijana wasiogusa kitabu kingine chochote humaliza hicho kwa siku mbili.

Wewe ulikataa kukimbia. Ulisimama na aliyeachwa njiani. Wenzako walidhani umeshindwa kusoma, kumbe uliona kitu ambacho wao hawakukiona kwa sababu ya mbio: kwamba msimulizi ana upande wake, na upande huo una watu ambao hauwatazami usoni. Shuleni tulifundishwa kuandika "mwandishi ametumia nafsi ya kwanza" tukapata alama moja. Wewe umeonyesha nafsi ya kwanza inamfanya msomaji nini. Mimi ningekupa alama zote.

Na kuna hili la Dandora. Msomaji wa mbali anaweza kuisoma riwaya ya uhalifu kama safari ya kwenda nchi ya kigeni. Sisi tunaisoma tukijua sauti ya mlango ukigongwa saa nane usiku. Tunajua kijana aliyekuwa akimbebea bibi maji na baadaye akaonekana na viatu ambavyo hakuna aliyejua vimetoka wapi. Tunajua mazishi yake pia. Ukileta ujuzi huo kwenye kitabu hujachanganya chochote. Umekuja na taa yako.

Lakini nami nina la kukukosoa, na nakuomba ulipokee. Katika barua umeandika "kitabu ni kibaya". Chumbani kule ulisema kitu bora zaidi, kwamba unamwona mama. Sentensi hizo mbili ziko mbali sana. Ya kwanza ni hukumu ambayo mtu yeyote anaweza kuipinga, na akiipinga mtabaki mkivutana. Ya pili ni ushahidi, na hakuna awezaye kukuambia hukumwona. Kitabu kinaweza kuwa kimetengenezwa vizuri mno na bado kikakuumiza. Pengine kimekuumiza kwa sababu kimetengenezwa vizuri. Anza na palipokuuma, useme ni ukurasa gani, ni tukio gani. Hukumu iache ije baadaye, ikitaka.

Na yule kijana aliyekucheka, usimfute. Mimi nimeishi na kaka watatu katika ploti moja, na wote walikipenda kitabu hicho kwa namna ambayo ilinitisha nilipokuwa msichana. Baadaye nikaelewa. Wavulana wa rika lao waliopita njia ya Zollo wengi hawakufika miaka 30. Kiriamiti alifikishwa mahakamani, akafungwa, akatoka akiwa hai, tena akiwa na kitabu mkononi. Kwa kijana wa Dandora, mtu aliyepita kote huko na bado yupo kusimulia ni habari kubwa kuliko wizi wenyewe. Jumamosi ijayo muulize, "Wewe ulipokuwa unasoma, ulimwona nani?" Nadhani atakuwa na jina la mtu.

Halafu nenda ukatafute *My Life with a Criminal: Milly's Story*. Kiriamiti aliitoa mwaka wa 1989, miaka mitano baada ya ile ya kwanza, na humo anayezungumza ni Milly, mpenzi wa Zollo. Maisha ni yale yale, ila sasa mlango umegeuzwa, tuko upande wa ndani. Katika kitabu cha kwanza nyumba ni mahali pa kujificha. Katika hiki nyumba ni mahali pa kungoja, pa kusikiliza nyayo na kujiuliza huyu ninayempikia ni nani hasa. Mimi nakipenda hiki cha pili kuliko cha kwanza. Mbio zimepungua, ni kweli, na ukizoea kasi ya Zollo utaona Milly anakawia. Kawia naye. Kwangu ilikuwa kama mwandishi amesikia malalamiko kama yako akarudi kuyajibu, angalau nusu. Nasema nusu kwa sababu Milly bado ni mtu wa nyumba ya mwizi. Mwanamke aliyekuwa njiani alfajiri na pesa zake kifuani hajapewa kitabu.

Sasa la mwalimu.

Wasomi wetu wa Kiswahili wana jina la vitabu unavyovipenda: riwaya pendwa. Zile nyingine wengine huziita riwaya dhati. Mimi nilipolisikia neno hilo chuoni mara ya kwanza nilifurahi, nikidhani ni sifa. Pendwa! Kinachopendwa na watu. Nikachukua muda kugundua kwamba lilikuwa likitamkwa kwa midomo iliyobinywa. Mpaka leo nalitumia kwa furaha ile ile ya kwanza.

Mwambie mwalimu, kwa heshima, kwamba riwaya ya Kiswahili ya kisasa ilijifunza kutembea ikiwa imeshika mkono wa mpelelezi. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya 1957 na 1958 kwa *Mzimu wa Watu wa Kale*, kikachapishwa 1960. Humo tukakutana na Bwana Msa na kiko chake, na rafiki yake Najum, watu wanaokaa wakafikiri wakati wengine wamekimbilia kusema ni mizimu. Abdulla aliendelea na Bwana Msa kitabu baada ya kitabu hadi miaka ya 1980. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla akatoa *Simu ya Kifo*, mpelelezi akawa Inspekta Wingo, mji ukawa Dar es Salaam, na mwendo ukawa wa kasi. Tukiviondoa hivi kwa sababu ni vya upelelezi, rafu ya Kiswahili ya miaka ile itabaki na nafasi wazi ya kutisha.

Nilikirudia *Mzimu* mwezi huu kwa ajili yako. Maoni yangu ya sasa si yale ya miaka 20 iliyopita. Wakati ule nilitaka kumjua muuaji. Safari hii nilimsahau muuaji nikawa nasikiliza watu wakizungumza. Kile Kiunguja, zile salamu, namna mtu anavyomzunguka mwenzake kwa maneno kabla hajamgusa na swali! Nimekuwa nikikisoma kwa sauti jikoni. Ila fumbo lenyewe sasa naliona limelegea, na Abdulla anapenda mno siri za ukoo, nani ni mtoto wa nani, hadi katika vitabu vyake vya baadaye unaanza kutarajia kila mtu awe ndugu ya mwenzake. Naona hayo yote mawili na bado nitakirudia.

Kuna hoja moja ambayo mwalimu ataileta, maana huletwa daima: kwamba vitabu hivi vyote ni kimoja, maiti, dalili, mshukiwa, pingu. Hapo mpeleke nje umwonyeshe mtaa. Wazee wetu wanakumbuka Dandora ilivyoanza katikati ya miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia na Baraza la Jiji. Viwanja kama 6,000 vilipimwa. Mtu alipewa kipande chake kikiwa na maji, choo na bafu, vyote kwa ramani, kisha akaambiwa, haya, jenga. Msingi ule ule kwa wote. Sasa tembea kutoka Phase 1 hadi Phase 5 uniambie kama umeona nyumba mbili zinazofanana. Huyu kaishia vyumba viwili vya mabati, yule kapandisha ghorofa nne zinazomzibia jirani jua, mwingine kaweka duka mbele, na yule mama pale kapanda muwa mahali ambapo wenzake wangepangisha. Maiti na dalili ni choo na bafu. Mwandishi anahukumiwa kwa alichojenga juu yake, na anayejua kuhukumu ni yule aliyeingia nyumba nyingi za mtaa huo. Ambaye ni wewe.

Kwa hiyo hukumu, tena kwa ukali. Chukua Elvis Musiba. *Kufa na Kupona* ilitoka mwaka wa 1974, na jasusi wake Willy Gamba analetwa na kazi hadi Nairobi yetu. Nilikisoma kwa hamu kubwa, Mtanzania akipigania ukombozi wa Afrika kwa bastola na akili, kwa Kiswahili kinachokwenda kama gari la mashindano. Bado nampenda Musiba kwa kutuonyesha kwamba jasusi hahitaji kuwa Mwingereza. Lakini wanawake wake! Wazuri, wanavutia, na kila akitokea mmoja najua ama ni mtego ama ni zawadi. Nimejaribu kutafuta mmoja ambaye ningemwomba ushauri, nimechoka. Hayo ni maoni yangu, nayasema nikiwa nimemaliza kitabu na nikiwa tayari kuazima kingine chake kesho.

Mwalimu ana haki kwa jambo moja. Usisome aina moja tu, maana ulimi huzoea. Msomee *Walenisi* ya Katama Mkangi, ya 1995, kisha umuulize aiweke rafu gani. Mtu amehukumiwa, anatiwa katika chombo cha kurushwa angani ili afe, naye anatua katika nchi isiyo kama zote alizozijua. Hiyo ni hadithi ya safari za angani kabisa. Vilevile ni kitabu cha mtu aliyewahi kuwekwa kizuizini na serikali ya nchi hii, akiuliza tungeweza kuishi vipi kama tungeacha kuibiana. Lisome jina taratibu: wale ni sisi. Mahali fulani katikati anahutubia kuliko anavyosimulia, na nilisinzia. Mwisho wake ulinikalisha kitako.

Umeniuliza pia juu ya *The House of Rust* ya Khadija Abdalla Bajaber, kwa sababu umefika nusu ukakwama na unadhani tatizo ni Kiingereza chako. Mimi nilikwama mahali pale pale, dada yako mwenye shahada. Kitabu kilitoka 2021, mwaka uliofuata kikawa cha kwanza kabisa kushinda tuzo ya hadithi za kubuni iliyopewa jina la Ursula K. Le Guin, na mwandishi ni binti wa Mombasa. Aisha anaingia baharini kwa mashua ya mifupa, pamoja na paka anayezungumza, kumtafuta baba yake mvuvi. Nusu hiyo ya kwanza niliimaliza usiku mmoja. Kisha anarudi nyumbani na mimi nikakiweka kitabu chini, kwa miezi miwili. Nilitaka madubwana zaidi ya bahari, naye Bajaber ananiletea nyanya anayepanga mambo ya kuozesha.

Nilipokishika tena nilikuwa nimetoka kwenye kikao cha familia ambacho sitakieleza hapa, na ghafla kila ukurasa ukafunguka. Msichana ambaye ameshawatazama usoni wanyama wa kilindini anaketishwa sebuleni aamuliwe maisha. Hilo ndilo dubwana lililobaki, na halina meno ya kuonekana. Sasa naitetea nusu ya pili kwa yeyote. Kunguru peke yao ndio wananishinda, wanazungumza mno. Kwa hiyo usijilaumu kwa Kiingereza. Kiache kitabu kipumzike, andika tarehe uliyokiacha, ukirudie baada ya msimu. Maoni ya nusu kitabu ni halali ilmradi useme ni ya nusu.

Na zile za mahaba unazozificha chini ya kaunta mteja akija, zitoe. Sisi bweni zima tulisoma Mills & Boon kwa tochi, nakala moja ikipita vitanda 30 hadi ikapoteza jalada, na wengi wetu humo ndimo tulimojifunza kusoma Kiingereza bila woga. Nakuomba tu uziulize swali lile lile ulilomuuliza Zollo: gharama anaibeba nani? Shujaa akimshika mwanamke mkono kwa nguvu na mwandishi akaita hayo mapenzi, simama hapo kama ulivyosimama na mama yako. Ziko ambazo zitavuka swali hilo vizuri. Nyingine utazirudisha kwa muuzaji.

Mambo madogo ya mkono. Nunua kitabu cha mazoezi, kila ukifunga riwaya andika mistari mitano kabla hujasikia ya wengine: uliposhtuka, ulipochoka, uliyemkasirikia. Jumamosi zungumza mapema, usingoje wa nne aseme, maana kufikia hapo sauti za wenzako zitakuwa zimekaa juu ya yako. Jina la muuaji usilitaje mbele ya ambaye hajamaliza, hilo ni dhuluma. Pesa za vitabu zikikosekana, panda matatu uende maktaba ya Makadara au ya Kaloleni. Ni matawi ya Maktaba ya McMillan, yamekarabatiwa na shirika la Book Bunk pamoja na kaunti, na hutadaiwa sababu ya kuchagua ulichochagua.

Kisha kuna mama. Umeandika kwamba hupita kibandani jioni mfunge pamoja, na kwamba hajui unachosoma wala kwamba ulimtaja mbele ya watu saba. Ukishampata Milly, jioni moja wateja wakipungua, mfungulie mama ukurasa ambao Milly anangoja, umsimulie kwa Kiswahili chenu cha nyumbani, polepole. Usimwambie kwa nini. Akianza kuzungumza, funga kitabu umsikilize. Atakalolisema, niandikie, hata kama ni kwamba alisinzia ukisoma.